Usihukumu Kinywaji kwa Rangi Yake

Tangu nilipofika shuleni mwanzo wa mwaka huu nikiwa na waya katika meno, nimeulizwa maswali mengi kuliko ya mtihani. Wengine huuliza kama waya huu unauma. Wengine huuliza kama naogopa radi wakati wa mvua. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza kwa adabu kabisa kama waya huu waweza kushika stesheni za redio. Lakini swali linalorudiwa kuliko yote ni hili: "Je, unaruhusiwa kunywa nini?" Kwa kuwa jibu lake ni refu, na muda wetu wa mapumziko ni mfupi, nimeona afadhali niliandike katika gazeti letu, ili walimu na wazazi nao wapate kulisoma.

Tena nina sababu nyingine ya kuandika. Nimeona ya kuwa watu wengi hukipima kinywaji kwa macho. Kilicho cheusi hukiogopa, na kilicho cheupe hukiamini. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo hayo kabla ya kufundishwa na daktari, na kabla ya majaribio machache tuliyoyafanya katika Chama cha Kemia muhula uliopita. Sasa naamini kwamba kwa mtu mwenye waya wa meno, rangi ni shahidi mbaya sana. Kinachochafua huonekana upesi, lakini kinachoharibu aghalabu hakionekani hata kidogo.

Yafaa nianze kwa kueleza vyombo vyenyewe. Waya wa meno una sehemu nne. Ya kwanza ni vishikizo, yaani vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kiasi cha punje ya mtama. Ya pili ni gundi inayokishika kila kishikizo juu ya jino lake. Ya tatu ni waya wenyewe, unaopita katika mfereji wa vishikizo vyote, kutoka magego ya upande mmoja mpaka magego ya upande wa pili. Ya nne ni vipira vidogo vya mviringo, ambavyo huufunga waya ule usitoke katika mfereji. Waya hutaka kurudi katika umbo lake la kwanza, na kila unapojirudi huyavuta meno pamoja nao. Kazi hii huenda polepole, kwa sababu mfupa wa taya hauna budi kuliwa upande mmoja wa jino na kujengwa upya upande wa pili. Mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na pengine zaidi.

Zamani haikuwa hivi. Daktari alizungushia kila jino pete ya chuma, na mdomo wote ukawa kama ghala la seremala wa mabati. Mwaka 1955 mganga wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya kazi mjini Rochester, alieleza kwamba enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki kwa muda mfupi hufanya vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Gundi ikiingia katika vishimo hivyo na kukauka hushika kama mizizi. Mwaka 1965 George Newman, pia wa Marekani, alieleza jinsi ya kuvibandika vishikizo kwa gundi bila pete. Ndiyo njia inayotumiwa mpaka leo. Namwomba msomaji aikumbuke asidi hiyo ya fosforiki, maana tutakutana nayo tena mahali asipoitazamia.

Basi, kishikizo kimoja kikibanduka, jino lile halivutwi tena mpaka kibandikwe upya. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Ni ruhusa ya mwalimu, ni nauli ya basi kwenda na kurudi, ni siku nzima ya masomo iliyopotea, na ni fedha ya mzazi. Baba yangu ni mkulima wa kahawa katika mteremko wa Mlima Meru. Meno yangu ya juu yalichomoza mbele hata midomo ikawa haifungiki vizuri, nami nilizoea kucheka nikiwa nimeweka mkono mbele ya kinywa. Baba aliweka akiba ya mavuno ya misimu miwili. Siku waya ulipofungwa aliniambia, "Kahawa imekwisha kufanya kazi yake. Kazi iliyobaki ni yako." Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya nitake kujua ni kitu gani kinachoweza kuiharibu kazi hiyo.

Kinywaji cha kwanza nilichojifunza habari zake kilinishangaza, kwa kuwa ni maji. Meno yangu yana madoa ya rangi ya kahawia, kama ya watu wengi wa kwetu. Wageni hudhani kwamba hatupigi mswaki, au kwamba tunavuta tumbaku. Ukweli ni kwamba miamba ya volkano ya Mlima Meru, na ya sehemu nyingine nyingi za Bonde la Ufa huku Tanzania na kule Kenya, ina madini ya floraidi, na maji ya chemchemi na ya visima huyachukua madini hayo yapitapo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Maji ya vijiji kadha wa kadha vya Arusha huzidi kiasi hicho, na mahali pengine huzidi mara nyingi. Floraidi kidogo huyasaidia meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Lakini mtoto akiinywa nyingi katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanaumbwa ndani ya ufizi, enameli haikamiliki sawasawa. Jino hutoka likiwa na madoa, na pengine na vishimo.

Sasa tazama yaliyonipata. Katika mwezi wa kwanza vishikizo vyangu viwili vilibanduka, nami sikuwa nimetafuna mfupa wala muwa. Daktari alinieleza kwamba hilo halikumshangaza. Enameli iliyoumbwa katika floraidi nyingi haiathiriki vizuri na ile asidi ya kufungulia vishimo, kwa hiyo gundi haipati mizizi ya kutosha. Safari ya pili aliipaka asidi kwa muda mrefu zaidi, akavibandika tena, na mpaka ninapoandika vimeshika. Nilitoka pale nikifikiri sana. Maji yale niliyoyanywa nikiwa na umri wa miaka mitatu au minne yalikuwa meupe, baridi na matamu, na kila mgeni aliyasifu. Wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuona kwa macho kwamba yalikuwa yakiandika habari za gundi itakayotiwa miaka kumi baadaye.

Baada ya maji yafuata soda. Mwalimu wetu wa Kemia alitukumbusha kipimo cha pH. Maji safi ni 7. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, na kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Tulichukua karatasi za kupimia asidi tukazichovya katika vinywaji tunavyovijua. Maji ya ndimu yalionyesha karibu 2. Soda nyeupe ya ladha ya limau ilionyesha karibu 3, na maji ya ukwaju vilevile. Maji ya machungwa yalikuwa kati ya 3 na 4. Chai na kahawa zisizo na maziwa zilikuwa karibu 5, ingawa rangi yao ilitupa taabu kidogo ya kusoma. Maziwa yalikaribia 7. Soda nyeusi ya kola hatukuweza kuisoma katika karatasi kwa ajili ya weusi wake, lakini vitabu husema ni karibu 2.5. Nayo asidi yake kubwa ni ile ile ya fosforiki ambayo daktari huitumia kufungua vishimo katika enameli! Ya daktari ni nzito kupita ile ya chupani, na huwekwa kwa nusu dakika hivi kisha huoshwa. Ya chupani ni nyepesi, lakini mnywaji huirudia kila siku, wala haoshi.

Wenzangu wa chama walitaka kuona kwa macho, tukaweka vipande vya ganda la yai katika maji ya ndimu. Mara moja mapovu yakaanza kupanda, na baada ya siku mbili ganda lilikuwa jembamba na laini. Mwalimu alitutahadharisha tusiseme kwamba jino huliwa upesi namna hiyo. Ganda la yai ni kaboneti ya kalsiamu, ilhali enameli ni fosfeti ya kalsiamu, nayo ni ngumu zaidi. Tena kinywani kuna mate, na mate ni rafiki mkubwa wa meno. Huipunguza nguvu asidi, kisha hurudisha kalsiamu na fosfeti iliyopotea. Ila mate yahitaji muda. Baada ya kinywaji chachu au kitamu, huchukua nusu saa hadi saa moja kuirudisha hali ya kinywa kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatuijui. Mtu anywaye chupa moja ya soda pamoja na chakula akaimaliza, ameupa mdomo wake vita moja. Mtu aifichaye chupa ile ile katika dawati na kuonja kidogo kila baada ya robo saa, tangu saa nne mpaka saa nane, ameupa mdomo vita isiyokwisha, maana kila mate yanapokaribia kushinda, adui mpya huletwa. Soda ni moja na bei ni moja, lakini hasara ni mbali kabisa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Waliisema kwa kusifu kuweka akiba, lakini yafaa pia kwa uharibifu.

Kwa mwenye waya, vita hiyo ni kali zaidi. Kandokando ya kila kishikizo pana pembe ambazo mswaki haufiki vizuri na mate hayapiti kwa wingi. Utando wa vijidudu hukaa pale, na vijidudu hivyo hula sukari na kutoa asidi yao wenyewe. Basi soda huleta asidi mara mbili, iliyomo ndani yake na ile itakayotengenezwa na sukari yake. Matokeo yake ni alama nyeupe kama chokaa kuzunguka kishikizo, ndiyo mwanzo wa jino kuoza. Alama hizo zaweza kuanza kuonekana katika muda wa wiki nne tu. Ni huzuni kubwa kwa mtu kuvumilia miaka miwili, kisha siku waya unapotolewa akaonyesha meno yaliyonyooka sawasawa lakini yana miraba meupe kama madirisha.

Na gundi je? Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejaribu kuloweka katika soda meno yaliyong'olewa, yakiwa na vishikizo juu yake, halafu wakapima nguvu ya kuvibandua. Katika majaribio mengi vishikizo vya meno yale vilitoka kwa nguvu ndogo kuliko vya meno yaliyolowekwa katika maji au mate. Si kwamba gundi iliyeyuka kama sukari. Ni kwamba enameli iliyoizunguka na kuishika ililiwa pembezoni. Fikiri habari za nyumba ya udongo iliyopigwa lipu nzuri. Maji ya mvua yakipenya nyuma ya lipu, ukuta humong'onyoka, na lipu huanguka ingawa yenyewe bado ni nzima.

Sasa nije kwa vinywaji vyeusi, ambavyo watu huviogopa. Siku ya wazazi kutembelea shule, mama mmoja mzuri, mzazi wa mwenzangu, aliniona nimeshika kikombe cha kahawa. Alinionea huruma. "Mwanangu," akasema, "kahawa itakuharibia waya huo wa gharama." Akakichukua kikombe kwa upole, akaninunulia soda nyeupe, kubwa tena ya baridi. Nilimshukuru kwa heshima, maana moyo wake ulikuwa mwema, nami sikuthubutu kumfundisha mzazi mbele ya watu. Lakini nilipokwenda bwenini nilifikiri kwamba mama yule alikuwa amefanya jambo ambalo karibu kila mtu angelifanya. Alinibadilishia doa kwa asidi.

Maana kahawa na chai ni kweli hutia doa, lakini doa lao hasa huingia katika vipira. Daktari alikuwa amenipa vipira vichache vipya visivyo na rangi, tukaviweka katika vikombe mbalimbali kwa wiki moja. Vya maji havikubadilika. Vya chai vilikuwa na rangi ya majani makavu, vya kahawa rangi ya udongo. Vilivyoshinda vyote ni vile tulivyotia katika mchuzi wa binzari, vikawa vya manjano kabla ya siku kwisha, na rangi haikutoka hata kwa sabuni. Vya soda nyeupe vilitoka safi kabisa, viking'aa kama vipya. Mtu ambaye hajui angesema soda nyeupe ndiyo rafiki wa waya. Lakini kipira chenye doa hutupwa na kubadilishwa kila unapokwenda kwa daktari, ila enameli iliyokwisha kuliwa haioti tena. Ndiyo sababu wengi wenye waya huchagua vipira vya rangi nzito kama buluu au kijani, doa lisionekane. Mimi nimechagua rangi ya kahawia, kwa heshima ya zao la kwetu.

Simaanishi kwamba kahawa na chai hazina lawama. Ukizitia sukari vijiko vitatu, kama wengi wetu tupendavyo, umewapa vijidudu karamu. Tena joto lake hufanya kazi. Madaktari wengine hutumia mkufu wa vipira vilivyoungana, wa kuyavuta meno yakaribiane. Mkufu huo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake katika siku ya kwanza tu, hata kama hukunywa kitu, na joto huzidisha kulegea kwake. Kwa hiyo chai iliyopoa kidogo ni bora kuliko ile inayochemka.

Joto na baridi vina mambo yake pia katika waya, na habari hii ndiyo iliyowafurahisha sana wenzangu wa chama. Waya wa miezi ya kwanza mara nyingi ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Madini hayo yaliyochanganywa yalijulikana kwa ajabu yake katika maabara ya jeshi la majini la Marekani karibu na mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1971 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa alieleza matumizi yake katika kunyosha meno. Ajabu yenyewe ni kwamba hukumbuka umbo. Daktari alinionyesha kipande cha waya wa namna ile iamshwayo na joto. Alikikunja katika maji baridi, kikakubali kama uzi. Alipokitia katika maji ya moto kikaruka na kunyooka peke yake. Kinywani huwa hivyo hivyo. Ukinywa chai ya moto waya hukaza kwa muda, ukinywa maji baridi hulegea kwa muda. Basi siku waya unapobadilishwa na meno yanauma, maji baridi hutuliza kidogo. Hapa tena rangi haisemi lolote. Maji ni yale yale meupe, ila yakiwa ya baridi waya husinzia, na yakiwa ya moto huamka.

Ila baridi isije ikawa ya kutafunwa! Barafu nayo ni nyeupe na safi, lakini kuitafuna ni njia ya haraka ya kung'oa kishikizo. Na kwa wazazi, maana siku hizi watu wazima nao hufunga waya, nataja jambo moja ambalo sisi wanafunzi halituhusu. Kilevi chaweza kuilainisha gundi ya namna ile, hata kikiwa cheupe kama maji ya kisima.

Wengine wataniuliza, "Je, daktari amekukataza soda kabisa?" Hapana. Alinipa masharti machache, nami nayatoa hapa kwa faida ya wote. Kwanza, kinywaji kikuu kiwe maji salama, na maziwa yasiyotiwa sukari. Pili, soda, maji ya matunda machachu, ukwaju na ubuyu, kama huna budi kuvinywa, vinywe pamoja na chakula, kwa wakati mmoja, umalize. Tatu, ukimaliza sukutua kwa maji. Nne, usipige mswaki papo hapo baada ya kinywaji chachu, maana enameli huwa imelainika na mswaki huweza kuikwangua. Ngoja nusu saa au zaidi. Tano, kabla ya kulala piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, kisha usinywe kitu kingine ila maji, kwa sababu usiku mate hupungua na mlinzi huwa amelala. Sharti hili la mwisho ni zito katika bweni letu, ambapo saa ya vitu vitamu huanza taa zinapozimwa.

Mwenzangu mmoja aliposikia masharti hayo alisema, "Waya ni wako, si wangu. Mimi nitakunywa nipendavyo." Nilimjibu kwamba waya ni wangu, lakini enameli ni yetu sote. Asidi inayokula kandokando ya kishikizo changu hula pia jino lake lisilo na kishikizo, ila yeye hana daktari wa kumtazama kila mwezi na kumwambia. Kwa maana hiyo mimi nina bahati kuliko yeye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza nawaomba viongozi wa shule na wanafunzi wenzangu. Katika duka letu soda ziko karibu na mkono, lakini maji ya kunywa yako mbali, nyuma ya jiko. Kama tungeweka pipa moja la maji yaliyochemshwa, lenye bomba na vikombe safi, mlangoni pa duka na katika viwanja siku ya wazazi, naamini wengi wangeyanywa, si kwa kuhubiriwa, bali kwa kuwa yako karibu. Gharama yake si kubwa.

La pili nawaomba wazazi, hasa wa upande wa kwetu. Nina mdogo wangu mwenye umri wa miaka minne. Meno yake ya utoto ni meupe kama maziwa, lakini meno ya mbele ya kudumu yanaumbwa sasa hivi ndani ya ufizi wake, na kila kikombe anachokunywa kina neno la kusema juu yake. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kipo kituo kinachotafiti namna ya kuiondoa, na chujio zake hutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa kama makaa. Njia nyingine ni maji ya mvua, ambayo hayakupita katika miamba. Baada ya kusikia maelezo ya daktari, baba alitia mifereji katika bati la nyumba yetu na kuweka tangi. Yale ya chemchemi sasa ni ya kufulia na ya mifugo. Maji ya mvua hayana utamu wa maji ya chemchemi, na mdogo wangu hulalamika. Baba humwambia anywe tu.

Kila mzazi aulize juu ya maji ya kijiji chake, yapimwe, asiridhike kwa kuyatazama yalivyo meupe. Mimi nitaumaliza waya wangu, Mungu akipenda, mwakani kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Madoa yatabaki, lakini meno yatakuwa yamenyooka, nami nitacheka mikono yangu ikiwa mifukoni. Ombi langu ni kwamba wadogo zetu wasihitaji gundi ya kupakwa mara mbili.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu